Kijiko, Uma na Sahani

Kosa lilianzia kwenye simu. Nilimpigia Mahir, fundi wa kuchomelea vyuma kule Malindi, nikamwambia, "Nitengenezee uma wa trekta. Chuma kizito, urefu futi nne, ukae mbele pale panapokaa kijiko." Sikuongeza neno. Kijiko cha trekta kila mtu anakijua, ile ndoo ya mbele ya kuzolea mchanga. Basi na uma ni meno mawili marefu ya chuma bapa, unayapitisha chini ya mzigo, unaunyanyua. Nani asiyejua?

Mahir hakujua. Wiki mbili baadaye nilifika karakana yake nikakuta ameniundia uma wa meno manne, yamechongwa ncha, yamepinda kidogo kwa mbele, mfano wa ule wa kulia pilau. Tena kaupaka rangi ya fedha ung'are.

"Mahir, hiki ni kitu gani?"

"Uma, mama. Si ulisema uma?"

"Uma wa kubebea mizigo! Meno mawili!"

"Mawili?" Akawatazama wenzake, wakacheka. "Uma wa meno mawili umeuona wapi? Nilijua umesahau kusema, nikakamilisha. Hayo mawili ya ziada ni zawadi yangu kwako."

Sikucheka. Nilisimama hapo juani mpaka akazikata zile ncha, akanyoosha yale mapindo, akayapiga bapa meno yote manne. Kitu kimoja alikifanya vizuri, na hilo nakiri: kila jino alilitundika kwa ndoano zake kwenye upau, kwa hiyo unaweza kulisogeza, kulitoa au kulirudisha. Nikatundika mawili kwenye trekta langu, mawili nikayatupa banda la kuku. Kuku wakayafanya pa kulalia.

Trekta lenyewe ni dogo. Ukilisimamisha kando ya haya makubwa ya kulimia mashamba ya watu wakubwa, utadhani ni mtoto wao. Nililipata kwa mtu aliyekuwa anahama, likiwa na kijiko chake mbele na plau yake nyuma. Mume wangu, Kaingu, aliyetaka pikipiki, hakusema neno siku tatu. Siku ya nne akasema, "Angalau pikipiki mtu anaweza kupandia msibani."

Ila aliyenisema kuliko wote ni Bi Shekha. Huyu ni mama wa Mambrui, wa miaka sitini na kitu, mjane, na kibanda chake kilikuwa pale njia panda ya Gongoni, hatua chache kutoka lami. Wafanyakazi wa kiwanda cha chumvi wote hunywa chai kwake kabla ya kuingia zamu, Kaingu akiwa wa kwanza. Mbaazi zake za nazi sijaona mfano wake, na ulimi wake vilevile. Siku ile nilipopita na uma wangu mpya, meno mbele, niko juu nimenyooka kama askari wa gwaride, alitoka na upawa mkononi.

"Mama Pola! Hicho nini tena?"

"Shikamoo, Bi Shekha. Uma."

"Marahaba. Uma!" Akawageukia wateja wake. "Jamani, mmesikia? Kijiko anacho, sasa kapata uma. Bado sahani, aketi ale!"

Kibanda kizima kilipasuka kwa kicheko. Kaingu naye alikuwemo, nilimwona, anacheka ndani ya kikombe. Kuanzia siku hiyo, nikipita tu njia panda, Ziro wa bodaboda alinipigia kelele, "Mama Pola, sahani imefika?"

Niliwaacha wacheke. Nilikuwa na kazi.

Siku ya kwanza nilihamisha matofali ya mawe ya timbo, paleti nzima, kutoka langoni hadi nyuma ya nyumba. Paleti ni yale majukwaa ya mbao wanayopangia mizigo kiwandani, na Kaingu aliniletea mabovu saba, nikayagongea mbao upya. Kazi ambayo yeye na nduguye Ngumbao walikuwa wameipangia siku mbili, niliimaliza kabla chai haijapoa. Siku ya pili nilifunga mnyororo kwenye meno, nikauzungusha kwenye nguzo kuukuu ya ua, nikainua. Nguzo ilitoka ardhini kama jino bovu. Nikang'oa kumi na nne, nikarudi kuangalia kama kuna ya kumi na tano. Mizigo ya makuti, tangi tupu la maji, gogo la mnazi ulioanguka, yote yaliondoka. Halafu nikagundua la maana zaidi: ukiweka paleti kwenye uma na kuinua mpaka usawa wa kiuno, umepata meza popote shambani. Nilichambua maembe nimesimama wima, msimu mzima, na mgongo wangu haukunidai kitu. Miaka ishirini nimechambua maembe nimeinama kama ninayetafuta sindano, na dawa yake ilikuwa vipande viwili vya chuma!

Nasema kweli, nilikuwa nikiamka asubuhi natafuta cha kuinua.

Basi Jumatatu moja Kaingu akarudi kutoka zamu hana raha. "Kibanda cha Bi Shekha kimetiwa alama," akasema. "Barabara inapanuliwa. Alhamisi saa saba tingatinga linapita."

"Si ahame?"

"Ahame vipi? Kibanda kile alikijenga marehemu mumewe. Umewahi kuitazama misumari yake?"

Nilikwenda kutazama. Alama nyekundu ilikuwa ubavuni, kubwa, bado inanuka rangi. Marehemu mzee alikuwa seremala wa majahazi, na alijenga kibanda kama anayejenga chombo cha kwenda Bombay. Kila msumari umepenya mbao mbili ukakunjwa kwa ndani. Ukitaka kukivunja ukijenge upya, utabaki na kuni. Thuku, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa amemwambia Bi Shekha aje akae mbele ya duka lake, nje ya mipaka ya barabara, kwa sababu na yeye mbaazi anazipenda. Ni hatua mia na hamsini tu kwa upande wa kaskazini, uvuke mtaro mmoja. Mahali palikuwepo. Kukipeleka kibanda hapo ndiko kulikoshindikana.

Jumatano Ngumbao alikusanya wanaume kumi na wawili, wakakishika pembe zote wakaimba, wakainua. Kiliondoka chini kiasi cha kiganja. Halafu mbao zikalia, pembe moja ikashuka, na mtu mmoja akaponea chupuchupu kukatwa vidole. Wakakiweka chini. Bi Shekha akawapa chai wote kumi na wawili, akaingia ndani, akafunga dirisha. Kaingu alisema hajawahi kuliona dirisha lile limefungwa saa nne asubuhi.

Mimi siku hiyo nilikuwa Malindi kununua mbegu. Niliposikia, nilimwuliza Kaingu, "Mbona hakuniita?"

"Akuite kwa mdomo upi? Ule uliokucheka?"

Nikachukua kamba na kalamu nikaenda. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda nyuma ya kibanda, anachagua mbaazi kwenye ungo.

"Shikamoo, Bi Shekha."

"Marahaba. Umekuja kunicheka? Haki yako."

"Nimekuja kupima. Inuka kidogo nipitishe kamba."

Akainuka. Nikapima upana, urefu, unene wa mbao. Nikahesabu mabati. Nikalala chali nikachungulia chini ya sakafu. Kibanda kilikuwa juu ya mawe manne, kuna nafasi ya kupitisha meno. Nikaandika kwenye mkono wangu.

"Mama Pola," akaniita polepole. "Hiyo diploma yako ya kilimo ina somo la kubeba vibanda?"

"Ina somo la mizani. Kibanda hiki kitupu ni kama kilo mia tatu. Trekta langu linaweza, kwa shida. Lakini kitupu, Bi Shekha. Kesho sitaki kuona hata kijiko cha chai humo ndani."

"Nitatoa vyote."

"Vyote."

"Mimi nimekwambia vyote, mwanangu! Wataka niape?"

Alhamisi saa nne nilikuwa njia panda. Watu walikuwepo kabla yangu. Wa zamu waliotoka hawakwenda kulala, wa bodaboda waliacha abiria, na Thuku alifunga duka lake, jambo ambalo hafanyi hata sikukuu. Mnyapara wa barabara, Njoroge, alikuja na kofia yake ya njano, akatusalimu kwa adabu.

"Mama, mimi sina ubaya na mtu," akasema. "Lakini saa saba kamili mashine yangu inapita hapa. Nikichelewa, mimi ndiye ninayeulizwa."

"Saa saba hapa hutakuta kitu," nikamwambia.

"Mama Pola!" Ziro akapaza sauti. "Ukimaliza na kibanda uje ubebe na mama mkwe wangu, amekaa kwangu mwezi wa tatu huu!"

"Mlete na paleti yake," nikasema, watu wakaangua kicheko, nami nikapanda.

Nilisogea polepole. Meno yakaingia chini ya kibanda vizuri, sawasawa na nilivyopima. Nikavuta mkono wa kuinulia. Injini ikaguna, kibanda kikatikisika, na mawe mawili ya mbele yakaachana na sakafu. Watu wakapiga vigelegele.

Halafu mambo mawili yalitokea kwa pamoja. La kwanza, nilisikia *kwaa!* na ubao wa katikati ya sakafu ukapasuka, jino moja likachungulia ndani. Meno mawili yalikuwa yanabeba uzito wote kwenye mistari miwili myembamba, na mbao za miaka thelathini hazikubali. La pili nililisikia kwenye makalio. Kiti kiliinuka. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yanaachana na ardhi.

"Nyuma inapaa!" Kaingu akapiga kelele. "Mama Pola, shusha! Shusha!"

Nikashusha. Nikazima.

"Tupande nyuma!" akasema Ziro. "Sisi sita tukae nyuma tuwe uzito!"

"Hapandi mtu," nikamwambia. "Mtu si jiwe. Ukiteleza ukaingia chini ya gurudumu, nitakwenda kumwambia nini mamako?"

"Mwambie nilikufa kwa ajili ya mbaazi!"

Hakuna aliyecheka. Njoroge aliangalia saa yake, akajifanya hakuiangalia. Ilikuwa saa tano na nusu. Niliketi pale juu nimeshika usukani, nikihesabu tena kilo kwenye mkono wangu, na hesabu haikubadilika. Mbele nzito, nyuma nyepesi, na sakafu haina nguvu.

Bi Shekha alikuja akasimama kando ya gurudumu. Hakuwa analia. Mtu wa Mambrui halii mbele za watu njia panda. Akauweka mkono juu ya ubavu wa kibanda, juu kabisa ya ile alama nyekundu.

"Basi, mwanangu," akasema. "Umejaribu. Kosa langu. Nilikutia mdomo mbaya mimi mwenyewe. Kijiko, uma, bado sahani."

Nilimtazama.

"Umesemaje?"

"Nasema nisamehe kwa yale maneno ya..."

"La mwisho! Bado nini?"

"Sahani."

Nilipiga usukani kwa ngumi. Sahani! Plau yangu ni ya sahani! Ile inayokaa nyuma ya trekta, magurudumu mawili ya chuma ya kukatia ardhi, kila mkulima anaiita plau ya sahani, na mimi mwenyewe nimeilimia miaka miwili! Ina zaidi ya kilo mia mbili, chuma kitupu, na ilikuwa imelala chini ya mkorosho nyumbani tangu nimalize kulima. Ukiining'iniza nyuma, trekta halipai hata ulibebeshe msikiti.

"Bi Shekha," nikasema, "sahani ninayo!"

"Ee?"

"Na uma nao ni wa meno manne!" Hilo nalo lilinijia palepale, nyuma ya lile la kwanza. "Manne! Mahir, Mungu akubariki na ujinga wako! Baba Pola! Panda pikipiki ya Ziro, nendeni nyumbani, mtoe yale meno mawili banda la kuku! Mimi naja nyuma yenu!"

Kaingu alinitazama kama niliyepagawa. Lakini alipanda. Na mimi nikarudisha trekta nyuma, nikageuza, nikakanyaga mafuta mpaka mwisho.

Trekta langu halina mbio. Likienda kasi yake yote, mbwa mwenye haraka zake analipita. Lakini siku ile nilipita viwanja vya chumvi kofia ikaruka, sikuirudia. Nilipofika nyumbani, kuku walikuwa wanakimbia uwanja mzima na Kaingu alikuwa katoka bandani amekumbatia jino, manyoya kichwani.

"Kuna jike ameatamia juu ya hili lingine!" akasema.

"Mhamishe!"

"Ananidonoa!"

"Baba Pola, wewe ni mume wa nani? Mhamishe!"

Ziro alimhamisha kwa kofia yake ya pikipiki, mayai na mama yao, bila kuvunja hata moja. Nami nikarudi kinyumenyume mpaka chini ya mkorosho, nikaingiza pini ya kwanza, ya pili, ya juu, nikainua. Plau ikapanda, sahani zake zikining'inia zimejaa udongo mkavu. Nilihisi trekta likiketi chini, zito, limetulia kama ng'ombe aliyeshiba. Tulitundika yale meno mawili katikati, nikayakaza kwa boliti, nikaosha mikono kwa mate na suruali. Saa sita na dakika tano.

Njia panda tuliingia kwa kelele. Ziro mbele anapiga honi, mimi katikati, meno manne mbele na sahani mbili nyuma. Kwa mbali, upande wa Malindi, tingatinga la njano lilikuwa limeshaanza kukwangua kando ya lami, vumbi juu.

"Ameileta!" mtu akapiga kelele. "Ameileta sahani!"

Nikaingiza meno manne chini ya sakafu. Nikavuta mkono.

Mawe manne yaliachana na kibanda kwa pamoja. Hakuna ubao uliolia. Kiliinuka, kikainama kidogo kuelekea kwangu, kikatulia juu ya uma kama mtoto juu ya nyonga ya mama. Vigelegele vilipigwa mpaka sikuisikia injini. Nami nilipiga changu, mimi mwenyewe, juu ya kiti, mwanamke mzima!

Lakini hapo ndipo nilipojua jambo ambalo sikulipima. Kibanda kilikuwa mbele ya uso wangu, kikubwa, mabati na mbao. Sikuona kitu. Si njia, si mtaro, si mtu.

"Nielekezeni!" nikasema.

Wote wakaelekeza.

"Kulia, kulia, kulia!" Kaingu.

"Kushoto! Si huko, kushoto!" Ziro, ambaye alisimama akinielekea, kwa hiyo kushoto kwake ni kulia kwangu.

"Kulia kwa nani?" nikauliza.

"Kwa trekta!" akasema Thuku.

"Trekta lina mikono?"

Nikasimama. Kivuko cha mtaro kilikuwa hatua ishirini mbele yangu, daraja la zege lisilo na kingo, pana kuliko magurudumu yangu kwa futi moja kila upande. Kosa la futi moja, na mimi, trekta na kibanda tumo mtaroni.

"Nyamazeni!" Ilikuwa sauti ya Bi Shekha. Upawa ulikuwa mkononi, sijui aliutoa wapi. "Kila mtu afunge kinywa! Kaingu, rudi nyuma! Ziro, shuka hapo! Mama Pola, wanisikia?"

"Nakusikia!"

"Achana na kulia na kushoto. Bahari iko wapi?"

Nikaelewa papo hapo. Tulikuwa tunaelekea kaskazini. Bahari mkono mmoja, bara mkono mwingine, na hizo hazibadiliki hata usimame kichwa chini.

"Twende!" nikasema.

"Njoo. Njoo hivyohivyo. Bahari kidogo. Basi! Njoo. Bara. Bara tena, kidogo tu, kama unga wa kubana kwa vidole. Basi! Sasa njoo, usigeuke, uko darajani. Njoo. Njoo. Bahari, upana wa vidole viwili. Hapo! Njoo, mwanangu, njoo..."

Sikuona kitu isipokuwa mbao na alama nyekundu. Niliifuata sauti ile kama anayevuta uzi. Nilisikia magurudumu ya mbele yakigonga zege, kisha ya nyuma, kisha mchanga tena. Sahani zikalia *ting* kwenye zege mwishoni mwa daraja.

"Umevuka!" Bi Shekha akapiga kelele. "Umevuka, we mwanamke!"

Hapo ndipo Ziro, aliyekuwa anatembea ubavuni, akachungulia dirishani mwa kibanda, akasimama akashika kichwa.

"Mama Pola! Kuna sufuria humu ndani!"

"Sufuria gani?"

"Kubwa! Limefunikwa! Linanukia!"

Nilifunga breki taratibu. "Bi Shekha!"

Akakohoa kule mbele.

"Bi Shekha, ulisema vyote!"

"Ni mbaazi tu," ikaja sauti, ndogo kidogo. "Saa saba watu wanatoka zamu. Ningezichemshia wapi tena?"

"Mimi nimehesabu kilo, wewe umenificha kilo! Sufuria lile ni la watu hamsini! Kumbe ndiyo maana nyuma ilipaa!"

"Basi si umeweza?"

Ningesema neno. Lakini Kaingu alikuwa amekaa chini mchangani kwa kicheko, na Thuku ameegemea ukuta wa duka lake, machozi yanamtoka. Nikaondoa breki.

"Bara," akasema Bi Shekha kwa upole. "Bara, mpaka niseme."

Nikaingia bara, nje ya mipaka ya barabara, mpaka mbele ya duka la Thuku, ambapo Ngumbao na wenzake walikuwa wameshapanga mawe manne na kuyapima kwa uzi. Nikashusha kidogokidogo, nikihesabu pumzi. Jiwe la kwanza, la pili. Kibanda kikakaa. Nikarudisha trekta nyuma na meno manne yakatoka matupu, yanang'aa kwa kusuguliwa.

Ziro aliingia ndani kabla ya mwenyewe. Akafunua sufuria, akatoa kichwa dirishani.

"Halijamwagika tone! Wallahi, hata tone!"

Saa ya Thuku ilisema saa saba kasoro dakika kumi. Kule nyuma yetu, tingatinga lilifika pale njia panda, likapita juu ya mawe manne matupu, likaendelea. Njoroge aliinua kofia yake ya njano kwetu. Dakika ishirini baadaye alikuja mwenyewe, akaketi kwenye benchi, akaagiza mahamri manne.

Mimi nilikuwa nimelala chali chini ya kibanda naangalia ule ubao uliopasuka. Nilitaka kujua wa kuubadilisha utakuwa wa upana gani. Nikasikia upawa unagonga ubavu wa mbao.

"Mama Pola, toka huko."

Nikatoka, mchanga kwenye nywele. Watu wa zamu walikuwa wamejaa, wengine wamesimama. Bi Shekha alikuwa ameshika sahani ya bati, mbaazi zimejaa mpaka ukingoni, nazi nzito juu, na mahamri matatu pembeni. Aliniwekea mbele yangu kwenye benchi, mbele ya wateja wake wote, akapaza sauti yake ileile ya kwanza.

"Kijiko unacho," akasema. "Uma unao. Sahani hii hapa. Keti ule."

Nikaketi. Nikala kwa mkono.